Shamba, Mutesheni na Kadi ya Kijani

Ukitoka mjini Meru kuelekea Isiolo kwa njia ya Ruiri, barabara inateremka kutoka kwenye ubaridi wa Mlima Kenya hadi kwenye tambarare za joto. Ruiri iko kwenye mteremko huo, katika wadi ya Ruiri/Rwarera, eneo bunge la Buuri. Majina hayo mawili yanayokaa pamoja si ya wadi peke yake. Yanasomeka pia katika kesi za ardhi zilizofikishwa mahakamani Meru, kwa sababu ndilo jina la sehemu ambayo maafisa wa serikali waliipima na kuamua nani ana haki juu ya kipande kipi.

Mwenye shamba huko akiulizwa shamba lake likoje, anaweza kujibu mara tatu, kila jibu likiwa tofauti na lingine, na yote yakawa ya kweli.

Jibu la kwanza liko ardhini penyewe: ua, bikoni, mahindi, njia ya ng'ombe. La pili liko kwenye karatasi ya mpima ardhi ambayo Wakenya wengi huiita mutesheni. Hiyo ni fomu inayochorwa shamba linapogawanywa, ikionyesha namba ya shamba mama, mistari mipya, na ukubwa wa kila kipande kwa hekta. La tatu liko ofisini kwa msajili, kwenye kadi ya kijani. Kadi hiyo ina sehemu tatu: maelezo ya shamba, majina ya wamiliki, kisha mizigo iliyo juu ya shamba, kama vile mkopo wa benki au zuio. Kila mstari una namba yake, tarehe yake na sahihi ya msajili. Shamba likigawanywa, kadi ya zamani haichanwi. Msajili huandika kwamba imefungwa kwa ajili ya mgawanyo, akataja namba mpya zilizozaliwa, na kadi inabaki kwenye faili.

Chukua mzee mwenye ekari tano na wana wawili wa kiume. Leo kadi inasema shamba ni moja na ni lake. Mutesheni iliyowasilishwa mwezi uliopita inasema vipande viwili. Ukifika shambani unakuta nyua tatu, kwa sababu kaka mdogo amekwisha kumuuzia jirani robo ekari kwa makubaliano yaliyoandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mashahidi. Hakuna anayesema uongo hapo. Ni hali tatu za kitu kimoja, na kila moja imesimama mahali pake kwa wakati wake.

Waandishi wa programu za kompyuta wanaishi na hali hizo tatu kila siku. Mfumo wanaoutumia kutunza matoleo ya kazi yao, Git, una amri moja ambayo pengine huandikwa mara nyingi kuliko nyingine zote: `git status`. Kazi yake ni kutaja mafaili yaliyobadilika. Sura hii inaihusu amri hiyo, kwa kuwa nyuma ya orodha yake fupi kuna fikra ambayo mtu yeyote aliyewahi kupanga foleni kwenye ofisi ya ardhi ataitambua mara moja.

Git nayo hutunza kazi mahali patatu. Kuna folda unayoiona kwenye skrini, yenye mafaili unayoyafungua na kuyahariri; hilo ndilo shamba lenyewe. Kuna fahirisi, ambako mafaili huwekwa baada ya mwandishi kuamua kwamba yako tayari kusajiliwa. Hiyo ndiyo mutesheni iliyokwisha kuwasilishwa. Kisha kuna komiti ya mwisho, yaani toleo lililosajiliwa rasmi kwa tarehe, jina la mwandishi na maelezo mafupi. Hiyo ndiyo kadi ya kijani. Amri ya `git status` hulinganisha mara mbili: fahirisi na komiti ya mwisho, halafu folda na fahirisi. Tofauti zozote inazozikuta, inazitaja.

Tuseme kijana mmoja wa kike wa Ruiri anaandika programu ya kikundi cha wafugaji wanaokusanya maziwa. Asubuhi mizani inapima lita za kila mmoja, na mwisho wa mwezi kila mmoja analipwa kwa M-Pesa. Jioni, kabla ya kufunga kompyuta, anaandika amri hiyo kwa umbo lake fupi, `git status -s`, na skrini inamjibu:

```
MM malipo.py
 M mizani.py
A  ripoti.py
?? .env
```

Mistari minne tu, lakini kila herufi ina maana, na mahali ilipokaa pana maana vilevile. Safu ya kushoto inalinganisha fahirisi na toleo lililosajiliwa. Safu ya kulia inalinganisha folda na fahirisi. Faili la `ripoti.py` lina A kushoto: ni jipya, limeshawasilishwa, linangoja kusajiliwa. `mizani.py` lina M kulia peke yake: limehaririwa, lakini bado halijawasilishwa popote.

Mstari wa kwanza ndio unaowanasa wanaoanza. Faili la `malipo.py` lina M mbili. Kijana alilihariri, akaliwasilisha kwa `git add`, kisha akakumbuka jambo na kulihariri tena. Sasa kuna malipo ya aina tatu: yaliyosajiliwa, yaliyowasilishwa, na yaliyo kwenye folda. Akikomiti wakati huo, kitakachoingia kwenye kumbukumbu ya kudumu ni yale ya katikati. Marekebisho ya mwisho, pengine ndiyo yaliyoondoa kosa la hesabu, yatabaki nje.

Warudie wale wana wawili wa mzee. Mpima ardhi amechora mstari na kuwasilisha mutesheni. Wiki moja baadaye ndugu wanakubaliana kusogeza ua hatua kumi, ili tangi la maji libaki upande wa kaka mkubwa. Wanang'oa nguzo, wanachimba upya, wanapeana mikono. Hakuna anayerudi kwa mpima. Msajili atasajili mstari wa zamani, na tangi litakuwa ndani ya shamba la mdogo kwa mujibu wa kadi, hata kama familia nzima ilishuhudia nguzo zikihamishwa. Hiyo ndiyo M mbili, na kule shambani hakuna skrini ya kuionyesha.

Kisha ziko zile alama mbili za kuuliza. Faili la `.env` liko kwenye folda, lakini Git haijawahi kuambiwa ilitunze. Inaliona, haina historia yake. Robo ekari aliyouziwa jirani kwa karatasi ya daftari iko katika hali hiyohiyo. Inalimwa, ina ua, ina mahindi yaliyofika kifuani, na ofisini haipo. Sheria ya Kenya ya udhibiti wa ardhi ya mwaka 1967 inataka mauzo ya shamba la kilimo yapate kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi sita tangu makubaliano yafanyike. Miezi hiyo ikipita kimya, makubaliano yanapoteza nguvu kisheria, na mnunuzi anabaki na karatasi yenye sahihi za mashahidi.

Katika hali zote hizo Git haimwulizi mwandishi amebadilisha nini. Inayauliza mafaili yenyewe. Kumbukumbu ya binadamu haiaminiki kwa kazi hii, na si kwa sababu ya uzembe. Mtu aliyeshinda akirekebisha programu hugusa faili hapa, akafuta mstari pale, akajaribu jambo na kulirudisha nusu. Ifikapo saa kumi na mbili jioni ataapa kwamba amegusa mafaili mawili, na orodha itaonyesha matano.

Sheria ya Kenya ya kuamua haki za ardhi, ya mwaka 1968, ilijengwa juu ya hekima inayofanana na hiyo. Maafisa walitakiwa kwenda kwenye ardhi yenyewe, mipaka ikaonyeshwa mguu kwa mguu, kamati ya wenyeji ikiwa kando. Vikatoka vitu viwili, ramani ya mipaka na orodha ya haki, ambavyo kwa pamoja ndivyo rejista. Kisha rejista hiyo ikawekwa wazi kwa siku 60, yeyote mwenye pingamizi aisome na kulileta. Katika siku hizo 60 orodha ipo lakini haijawa ya mwisho. Imewekwa hadharani makusudi, isomwe na watu walio na sababu ya kuona kosa. Anayeisoma `git status` kabla ya kukomiti anazitumia siku zake 60 ndani ya sekunde chache.

Haikuwa rahisi hivi tangu mwanzo. Mfumo wa kwanza unaojulikana sana wa kutunza matoleo, SCCS, uliandikwa na Marc Rochkind mwaka 1972 katika maabara za Bell, Marekani. Miaka kumi baadaye Walter Tichy akaandika RCS. Mifumo hiyo miwili ilitunza kila faili peke yake, kama ofisi yenye kadi nyingi lakini isiyo na ramani ya kijiji. Kuuliza mradi mzima nini kimebadilika kulimaanisha kupita faili moja baada ya jingine.

CVS, iliyoanzishwa na Dick Grune mwaka 1986, ndiyo iliyozoesha watu kuutazama mradi kama kitu kimoja. Lakini orodha yake ilipatikana kwa njia ya kuzunguka. Amri iliyoitwa `cvs status` ilimwaga maelezo marefu ya kila faili, yaliyobadilika na yasiyobadilika, hadi macho yakachoka. Waliotaka orodha fupi waligundua kwamba amri ya kuleta kazi ya wenzao, `cvs update`, huchapisha herufi moja mbele ya kila faili linalohusika: M kwa lililohaririwa, A kwa lililoongezwa, C kwa lililogongana na kazi ya mwenzako. Wakaongeza `-n`, yaani usifanye lolote, nionyeshe tu. Kwa hiyo ili kujua umebadilisha nini, ilibidi ujifanye unaleta kazi ya wengine. Subversion, iliyoanza mwaka 2000, ikazichukua herufi zile na kuzipa amri yake halali, `svn status`. M iliyo kwenye skrini ya Ruiri imetoka huko.

Git ilizaliwa Aprili 2005, Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, alipopoteza ruhusa ya kutumia BitKeeper, mfumo uliokuwa ukitunza kazi ya Linux. Komiti yake ya kwanza kabisa, ya tarehe 7 Aprili, ilikuwa na mafaili 11 tu, na ndani yake programu ndogo saba. Moja iliitwa `show-diff`. Ilipita kwenye orodha ya mafaili, ikaandika "ok" kando ya jina la kila lisilobadilika, na kuonyesha tofauti za yaliyobadilika. Mfumo ulikuwa haujajua kuzungumza na kompyuta nyingine, haukuwa na matawi kama tunavyoyajua leo, lakini swali la nini kimebadilika lilikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Siku tisa baadaye msimbo wa Linux wenyewe ukaingizwa humo: mafaili 17,291 kwa mkupuo mmoja.

Idadi hiyo inazaa swali la haki. Git inawezaje kulinganisha maelfu ya mafaili kabla mtu hajamaliza kupumua? Jibu ni kwamba mengi haiyafungui hata kidogo. Kwenye fahirisi, kando ya jina la kila faili, imeandikwa saa ambayo faili liliguswa mara ya mwisho na ukubwa wake kwa baiti, pamoja na alama nyingine ndogo ambazo kompyuta huzitunza yenyewe. Ukiomba orodha, Git hupita ikitazama alama hizo tu. Zikilingana, faili linaachwa. Zikitofautiana, ndipo linafunguliwa, linasomwa lote, na kupigiwa hesabu inayotoa alama ya herufi na tarakimu 40. Hesabu hiyo hutoka na alama tofauti hata koma moja ikihama.

Mpima mzoefu hufanya hivyohivyo. Hapimi shamba zima upya kila anapopita. Anatazama bikoni ziko pale zilipokuwa, na anatoa kamba pale tu panapoonekana pamechimbwa.

Njia hiyo ina tundu moja dogo, na waandishi wa Git walilijua. Faili likibadilishwa ndani ya sekunde ileile ambayo fahirisi iliandikwa, na ukubwa wake usibadilike, kwa mfano 7 ikigeuzwa 9, alama zote zitafanana na faili litapita kama halikuguswa. Kwa programu ya malipo ya maziwa, 7 na 9 si jambo la kupita. Basi Git huangalia pia saa ya fahirisi yenyewe, na faili lolote ambalo saa yake ni hiyo au ya baadaye, hailiamini. Inalifungua na kulisoma. Ni uangalifu mdogo ambao mtumiaji hatauona maisha yake yote, na ni wa kupigiwa saluti.

Mafaili yakizidi kiasi, hata kutazama alama kunachosha mashine. Microsoft ilipohamishia Windows kwenye Git mwaka 2017, hazina yake ilikuwa na mafaili milioni 3.5 hivi na uzito wa gigabaiti 300. Mwanzoni `git status` ilichukua dakika 10. Mhandisi aliyetaka kujua amegusa nini angeweza kwenda kunywa chai na kurudi. Walijenga utaratibu wa kufuatilia mafaili yanayoguswa tu, muda ukashuka hadi sekunde chache. Tangu toleo la 2.37 la mwaka 2022, Git yenyewe ina mlinzi wa aina hiyo, anayekaa kando na kuandika kila faili linapoguswa, kwenye Windows na Mac.

Kenya nayo ina mfano wake mkubwa wa programu inayotunza historia ya kila badiliko, na uko Eldoret. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich, madaktari wa Chuo Kikuu cha Indiana, waliona jinsi kumbukumbu za wagonjwa wa Ukimwi zilivyokuwa zikiuelemea mfumo uliokuwapo katika mpango wa AMPATH, unaoendeshwa na Chuo Kikuu cha Moi, Hospitali ya Rufaa ya Moi na washirika wao. Kazi iliyofuata ikawa OpenMRS, mfumo wa kutunza rekodi za wagonjwa, ulioanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Msimbo wake uko wazi, waandishi wake wametapakaa duniani, na juu yake ndipo ilipojengwa KenyaEMR inayotumika katika vituo vya afya vya Kenya.

Ukifungua majedwali ya OpenMRS unakutana na kadi ya kijani tena. Rekodi za mgonjwa zina safu za aliyeziandika na lini, aliyezibadilisha na lini. Na muuguzi akiingiza uzito usio sahihi, kilo 76 badala ya 67, rekodi haifutwi katika kazi ya kawaida. Inatiwa alama kwamba imebatilishwa, na kando yake jina la aliyebatilisha, tarehe na sababu. Daktari anayemtibu mgonjwa huyo haoni tena zile 76. Mkaguzi akizitafuta, zipo.

Kuna mahali Git na msajili wa ardhi wanaachana, na hapo msajili anastahili sifa zaidi. Faili likibadilishwa jina, Git haiandiki popote kwamba lilibadilishwa jina. Inaona jina moja limetoweka na jingine limetokea, inalinganisha yaliyomo, na yakifanana kwa nusu au zaidi inakisia kwamba ni faili moja na kuandika R. Mara nyingi inapatia. Lakini faili likihamishwa na kuandikwa upya katika komiti moja, uhusiano unapotea, na anayetafuta historia yake anafika ukutani. Kadi ya kijani haikisii. Namba mpya zimeandikwa kwenye kadi iliyofungwa kwa mkono wa msajili, na mjukuu anayefanya sachi, yaani kuipekua rejista, miaka 40 baadaye anaweza kupanda ngazi hiyo hadi kwenye shamba mama.

Turudi Ruiri, kwenye ule mstari wa alama za kuuliza, kwa sababu ndio wenye hatari. Faili la `.env` ndimo waandishi wa programu huweka siri. Ili programu ya maziwa ilipe kwa M-Pesa, inapitia Daraja, mlango ambao Safaricom iliwafungulia waandishi wa programu mwaka 2017, na Daraja humpa kila mmoja ufunguo na neno la siri. Vyote viwili vimo kwenye faili hilo. Kijana akiandika `git add .` bila kutazama, yaani beba kila kitu, siri itawasilishwa pamoja na mengine. Akikomiti na kuipeleka mahali palipo wazi mtandaoni, mwenye nia mbaya ataweza kuisoma. Kulifuta faili kesho yake hakusaidii, kwa kuwa toleo la jana limesajiliwa na limebaki kwenye historia. Dawa pekee ya kuaminika ni kwenda Daraja na kuomba ufunguo mpya, ule wa zamani usifungue tena.

Anaziona zile alama mbili, na anazielewa. Anafungua faili jipya, `.gitignore`, anaandika humo neno moja, `.env`, kuiambia Git ilipite faili hilo bila kuligusa. Anaomba orodha tena. Siri imetoka, lakini mahali pake pametokea mstari mwingine: `?? .gitignore`. Faili la kuficha ni faili nalo, na Git imelitaja kama inavyotaja mengine. Analiwasilisha. Analiwasilisha `malipo.py` kwa mara ya pili, na ile M ya kulia inatoweka. Anakomiti mafaili matatu kwa maelezo mafupi: marekebisho ya hesabu ya malipo.

Orodha ya mwisho ya jioni hiyo ina mstari mmoja, ` M mizani.py`. Ameuacha makusudi. Mizani mpya italetwa Jumanne, na hataki kuliwasilisha faili hilo kabla hajaona lita za kwanza zikisomeka sawa.